Kundi la Ukoo: Tangi, Pampu na Mstari Mnyoofu

Zuhura: Shikamooni. Naomba msaada. Swali linasema: tangi lina lita 200, pampu inavuta lita 8 kila dakika, andika mlinganyo kisha chora grafu. Nimeandika y = 8x + 200, naambiwa si sahihi.

Baba Mdogo: Marahaba mwanangu. x ni nini na y ni nini? Niandikie kwa maneno, pamoja na vipimo.

Zuhura: x ni dakika tangu pampu iwashwe. y ni lita zilizobaki.

Zuhura: Aah, zilizobaki! Basi y = 200 − 8x.

Baba Mdogo: Umeona? Mlinganyo wako wa kwanza ulikuwa unajaza tangi.

Shangazi Mwajuma: Watoto wengine huziweka namba mahali si pake, 8 − 200x. Itafute inayoandamana na neno "kila". Hiyo ndiyo inayozidishwa na x, nayo ndiyo mteremko. Kiasi cha mwanzo husimama peke yake, na hapo ndipo mstari unapokata mhimili wa y. Kujihakiki, weka x = 0. Usipopata 200, rudi nyuma.

Kaka Hamisi: Na kama hakuna pampu, ni koki tu iliyo chini ya tangi? Bado ni mstari mnyoofu?

Baba Mdogo: La. Tangi likijaa, maji yaliyo juu husukuma kwa nguvu na koki hutoa mengi. Kina kikipungua, mtiririko nao hupungua, grafu inapinda. Swali limetaja pampu yenye mwendo mmoja, ndiyo maana tunapata mstari.

Zuhura: Sasa grafu. Nipate nukta ngapi?

Shangazi Mwajuma: Tatu. Mbili zinatosha kuchora, ya tatu ni ya kukamata kosa. x = 0, y = 200. x = 10, y = 120. x = 25, y = 0. Zisipolala kwenye rula moja, kuna hesabu umekosea. Mlalo, mraba mmoja uwe dakika 5. Wima, mraba mmoja uwe lita 20.

Zuhura: Nimechora, zimenyooka. Ila nikihesabu miraba, mstari unashuka 10 kwa kwenda 5. Mteremko si −2?

Shangazi Mwajuma: Hapo ndipo wengi huanguka, mwanangu. Miraba si lita wala dakika. Miraba 10 ya wima ni lita 200, miraba 5 ya mlalo ni dakika 25. −200 gawanya kwa 25 ni −8, lita kwa dakika. Soma namba za kwenye mihimili, miraba iache.

Baba Mdogo: Na mstari uishie kwenye 25. Ukiuendeleza hadi 30 utapata lita −40, na tangi halina kitu kama hicho.

Kaka Hamisi: Nami nina langu. Tangi jingine linajazwa kwa kasi isiyobadilika. Dakika ya 4 lina lita 56, dakika ya 10 lina 92. Mwanzo hatujaambiwa.

Shangazi Mwajuma: 92 − 56 = 36. 10 − 4 = 6. 36 ÷ 6 = 6, basi y = 6x + c, c ikiwa lita za mwanzo. Weka nukta ya kwanza: 56 = 24 + c, c = 32. Hakiki kwa ya pili: 60 + 32 = 92, sawa. Angalizo: ukianza na 92 juu, anza na 10 chini. Ukichanganya utapata −6, tangi linalojazwa lionekane linapungua.

Zuhura: Nikiichora kwenye grafu ile ile, mistari inakutana karibu na 12.

Baba Mdogo: Ni 12 kamili, kama pampu na bomba vimefunguliwa pamoja. 200 − 8x = 6x + 32, 168 = 14x. Matangi yote mawili yana lita 104.

Kaka Hamisi: Na bilauri zilizotumbukizwa moja ndani ya nyingine? Ya kwanza ina urefu wa sentimita 12, kila inayoongezwa inapandisha rundo sentimita 2. y = 12 + 2x?

Shangazi Mwajuma: Inategemea x umeiita nini. Kama ni bilauri zilizoongezwa, ni sahihi. Kama ni bilauri zote, ile ya kwanza umeihesabu mara mbili: ukiweka x = 1 unapata 14, na bilauri moja ni 12. Iwe 12 + 2(x − 1), yaani y = 10 + 2x, kuanzia x = 1. Ile 10 si urefu wa rundo lolote.

Zuhura: Hizi niziunganishe kwa rula?

Shangazi Mwajuma: Usiunganishe, weka nukta tu. Kuna dakika 2 na nusu, lakini bilauri 2 na nusu hazipo.