Naomba ushauri: wapi mtandaoni najifunza PHP vizuri? Nimekwama

MtotoWaWete: Assalaam alaykum ndugu zangu. Mie niko Wete, mwezi wa nne huu najifunza PHP, lugha ya kutengenezea tovuti, kwa video, sasa nimekwama, kodi (code) niliyoandika inanambia mysql_connect(), ile amri ya kuunganisha na databesi, haijulikani na mwalimu wa kwenye video inamkubalia bila tabu. Nambieni wapi pana mafunzo ya uhakika, bando langu dogo na usiku silali kwa jambo hili.

KokoLaMji: Wacha PHP yakhe, ingia lugha nyengine, Python.

FundiDarajani: Video yako ya zamani hiyo. mysql_connect ilishaonywa toleo la 5.5 mwaka 2013, ilipotoka 7.0 Disemba 2015 ikaondolewa kabisa. Siku hizi databesi unaiunganisha kwa PDO au mysqli. Ingia php.net, mwongozo wote unadaunlodi unasoma bila bando, na kila fankisheni imeandikwa ni ya toleo gani. Mie nimejifunza hivyo hivyo nikimuuzia ami yangu duka, nasoma baina ya wateja, siku moja nikamuuzia bibi doti nzima ya kanga kwa bei ya upande mmoja, ami hakusema nami siku mbili.

MtotoWaWete: Shukran kaka, lakini kuandika upya siwezi. N'shaweka kwenye laptopu XAMPP ya zamani, ile programu ya kuifanya laptopu iwe kama seva, yenye PHP 5.6, inakubali.

MamaMkubwaChake: Mwanangu, mtu anayejifunza tu hana haraka hiyo. Unamfanyia nani?

MtotoWaWete: Haya. Kuna gesti Jambiani, mwenyewe jamaa yetu, nimemwambia nitamtengenezea buking, kanipa advansi laki nne nikanunulia laptopu. Anaitaka kabla ya Julai wageni hawajajaa. Ningekataa angempa mtu wa Dar, nyie mngefanyaje?

MamaMkubwaChake: Advansi ni amana. Ushaila na kazi huijui, mwambie ukweli mapema, akukasirikie leo kuliko akufukuze Julai.

FundiDarajani: Mama kasema. Na hiyo 5.6 haipati marekebisho ya usalama tangu mwisho wa 2018, usiwaweke wageni wa watu humo.

MtotoWaWete: Gesti ina vyumba sita, nani atahangaika kuidukua? Na wengi bado wanaitumia.

PwezaMkavu: Ngojeni kwanza. Kasema 5.6 keshaiweka na inakubali. Ndani ya 5.6 mysql_connect ipo, sasa eror ya mwanzo imetoka wapi? Hii stori imetungwa, mtu anataka kuandikiwa kodi bure.

KokoLaMji: Hata mie, laki nne kazi haijaonekana 😂 nipeni namba ya huyo jamaa.

MtotoWaWete: Wallahi situngi. Kwenye laptopu inakwenda. Eror iko kwenye seva niliyokodi, nimepandisha jana, PHP yao 8.2 na wenyewe hawataki kunishushia toleo.

FundiDarajani: Yaani iko hewani?? Na fomu inauliza namba ya pasipoti?

MtotoWaWete: Inauliza.

FundiDarajani: Ishushe sasa hivi, hiyo eror inamuonyesha kila anayefungua mafaili yako yamekaa wapi. Kesho anza na faili la kuunganisha tu, ligeuze liwe PDO, halafu kila ulipobandika jina la mgeni ndani ya SELECT, amri ya kuuliza databesi, weka prepare na execute, ili alichoandika mgeni kisisomwe kama amri. Paswedi zipitishe password_hash, zisikae wazi. Na majibu ya Stack Overflow, tovuti ya maswali ya waandika kodi, angalia mwaka kabla hujakopi. Ukikwama lete hapa kodi, nitaitazama usiku nikifunga duka.

PwezaMkavu: Alete picha kwanza.

MtotoWaWete: Nimeishusha. Jamaa keshanipigia mara mbili, sijapokea.

MamaMkubwaChake: Pokea mwanangu.