Tupeane uzoefu: duaradufu ulikutana nayo wapi nje ya daftari la hesabu?

Mwanzisha uzi: Wakuu, duaradufu niliisoma shuleni nikaiacha hukohuko. Juzi nimeinamisha glasi ya maji, ile iliyonyooka kama bomba, nikaangalia uso wa maji: duara limerefuka. Nikaiinamisha zaidi, likarefuka zaidi, ila upana haukubadilika, uleule wa kipenyo cha glasi. Nilichezea maji dakika kumi nzima, mtu mzima na akili zangu. Wewe ulikutana nayo wapi? Maumbo mengine pia ruksa.

Fundi Bati: Mimi kwa hasara. Nikiwa bado najifunza kazi nilitumwa nitoboe bati la paa lenye mwinamo wa nyuzi 45, bomba la moshi la sentimita 10 lipite wima. Nikalisimamisha bomba juu ya bati lililolala chini, nikalizungushia penseli, nikakata duara safi mpaka nikajipongeza. Tukapandisha bati. Bomba liingie? Wapi! Pembeni lina nafasi, juu na chini linagonga. Fundi wangu hakufoka, alisema tu, "Shusha." Tundu lilitakiwa upana 10 lakini urefu 14 na kidogo, yaani 10 ugawe kwa kosaini ya 45. Tulilipanua kwa mkasi, kingo zikatoka kama zimetafunwa na panya.

Randa: Pole mkuu. Mimi duaradufu ndiyo inanilisha. Meza ya urefu wa sentimita 200 kwa upana 120: napiga misumari miwili kwenye mstari wa katikati ya ubao, kila mmoja sentimita 80 kutoka kitovu. Nafunga uzi wenye urefu wa 200 kati ya misumari hiyo, naukaza kwa penseli, nazunguka. Kosa langu la kwanza lilikuwa uzi wa nailoni. Unavutika, kwa hiyo penseli ikirudi ilikoanzia, mstari haukutani. Siku hizi natumia waya mwembamba.

Halafu tuache kusema "umbo la yai". Yai lina ncha moja butu kuliko nyingine, duaradufu iko sawa pande zote.

Mchora Vikombe: Nafundisha kuchora, na kila mwanafunzi mpya huchora mdomo wa kikombe kama jicho, na pembe kali mbili kushoto na kulia. Duaradufu haina pembe popote! La pili, kitako hukichora kwa mstari ulionyooka. Kikombe kikiwa chini ya usawa wa macho yako, duaradufu ya kitako ndiyo nene zaidi kuliko ya mdomo, kwa sababu kitako unakitazama kwa juu zaidi.

Randa: Nimesahau kitu. Mwanaastronomia Kepler mwaka 1609 alieleza kwamba sayari ya Mirihi inazunguka jua kwa njia ya duaradufu. Kwenye meza yangu, jua ni msumari mmoja. Kwenye ule wa pili hakuna kitu! Na njia yenyewe ukiichora kwenye karatasi utaapa ni duara.

Spana Mdomo Wazi: Mie ni wa pembesita. Nati ya pande sita inakubali spana kila baada ya nyuzi 60. Kwenye kona finyu ya injini, kichwa cha spana kilichopinda nyuzi 15 ukikigeuza juu chini kila mara, nyuzi 30 tu zinakutosha. Nilikuwa nadhani kimepinda kwa uzembe wa kiwandani.

Mwanzisha uzi: Mmenichanganya sana leo. Nimeviringisha karatasi kwenye mshumaa, nikakata vyote kimshazari kwa kisu. Mshumaa umetoa duaradufu, sawa. Lakini karatasi nilipoikunjua, ukingo wake ni mawimbi, unapanda na kushuka. Nimekosea wapi?

Fundi Bati: Hujakosea. Hayo mawimbi ndiyo tunayoyachora kwenye bati bapa kabla ya kukata kona ya bomba. Ukilikunja, vipande viwili vinakutana bila mwanya.

Mwanzisha uzi: Mshumaa wa pili huo nauleta.