Mjadala: Ishara za mkono kwenye reli zing'olewe au zibaki?

Mleta mada (Iyunga, Mbeya)

Tangu makubaliano ya awali ya kuifufua TAZARA, reli ya Tanzania na Zambia, yasainiwe Beijing Septemba 2024, watu wanazungumzia vichwa vya treni na mabehewa tu. Ishara hazitajwi. Hii ni reli ya njia moja, kilomita 1,860 kutoka Dar es Salaam hadi Kapiri Mposhi, Zambia, na treni zinapishana stesheni tu. Kwenye njia moja usalama una sharti moja kubwa: treni mbili zisiwe kwenye kipande kimoja kwa wakati mmoja.

Swali langu ni kwa reli yoyote nchini. Palipobaki ishara ya mkono, ule mkono wa bati juu ya mlingoti unaovutwa kwa waya, ing'olewe ziwekwe taa na kompyuta, au ibaki? Mimi nasema ing'olewe. Naomba hoja za kiufundi, siasa tuziweke pembeni.

Mzee wa Wenzo (Makambako)

Ndugu, usiing'oe kabla hujajua inakufanyia kazi gani. Mkono ukilala mlalo, dereva anasimama. Waya ukikatika, uzito uliofungwa kwenye mlingoti unaurudisha mkono mlalo wenyewe, bila umeme wala betri. Chini ya nyenzo, zile fimbo za chuma zinazovutwa kuendesha ishara, kuna vyuma vyenye meno vinavyozuiana: wenzo wa ishara hautoki mpaka pointi, yaani kipande cha reli kinachosogezwa kuhamisha treni njia, iwe imelala upande sahihi na kufungwa. John Saxby alisajili mtambo wa aina hiyo Uingereza mwaka 1856, na kanuni yake ndiyo hiyohiyo inayoandikwa leo kwenye programu za kompyuta.

Ubovu wake fundi anauona kwa macho na anautengeneza kwa spana, grisi na kipande cha waya. Kadi ya kompyuta ikiungua stesheni ya porini kati ya Mlimba na Makambako, mvua imeshakata barabara, nani ataifikisha?

Fundi Umeme (Uyole)

Shikamoo mzee. Hilo la uzito ni kweli kwa waya uliokatika. Kwa waya uliokwama si kweli.

Tupige hesabu. Waya wa chuma wa mita 600, joto likipanda nyuzi 20 kutoka alfajiri hadi saa nane mchana, unarefuka takriban sentimita 14. Alfajiri ya Julai huku kwetu waya unafupika, na usiporekebishwa kule kwenye wenzo unaweza kuutikisa mkono bila mtu kugusa kitu. Mchana umelegea: wenzo unavutwa hadi mwisho, mkono unafika nusu. Dereva anakuta mkono ambao haujasimama wala haujaruhusu. Kanuni inamwambia ahesabu ni simama, lakini kwa nini tumpe fumbo?

Kapi zikijaa matope na kutu, mkono unabaki ulipo hata wenzo ukirudishwa. Abbots Ripton, Uingereza, mwaka 1876, theluji iliganda kwenye mikono ikabaki ikionyesha njia iko wazi, treni zikagongana. Theluji hatuna. Udongo mwekundu, nyasi na ng'ombe wa kukanyaga waya tunao.

Usiku mkono hauonekani kabisa, dereva anategemea taa ya mafuta nyuma ya kioo chekundu au kijani. Uyole ndipo reli inapofika juu kuliko kote, karibu mita 1,790. Ukungu wa huku mnaujua. Taa ya LED inapenya mbali zaidi, na mtambo unapima mkondo wake: ikizimika, stesheni masta anajua papo hapo.

Ila kubwa kuliko yote ni hili: mkono haujui kama kuna treni. Quintinshill, Uskoti, Mei 1915, wafanyakazi wa ishara walisahau treni iliyosimama mbele ya kibanda chao wakaruhusu nyingine. Walikufa zaidi ya watu 200. Vyuma vyenye meno havikuweza kuwakumbusha.

Dada Tunduma

Na wezi? Waya wa shaba ukilala chini leo, kesho uko kwa mnunuzi wa chuma chakavu.

Fundi Umeme (Uyole)

Dada, hata waya wa ishara za mkono na kapi zake zinaibiwa. Jibu ni kupunguza shaba. Kati ya stesheni na stesheni pita na nyaya za kioo, hazina bei kwa mnunuzi chakavu na hazisafirishi radi. Zifukiwe, na viungio viwekwe ndani ya jengo.

Mhandisi wa Njia (Iringa)

Mnabishana mkono na taa, wakati taa ni sehemu rahisi. Kazi iko kwenye kugundua treni, na hapo uchaguzi mbaya utatuumiza miaka 30.

Njia ya kwanza ni sakiti ya reli: unapitisha umeme mdogo kwenye reli mbili, magurudumu yakiingia yanauunganisha kwa mkato, mtambo unajua kipande kina treni. Uzuri wake ni kwamba reli ikikatika kabisa, mara nyingi mtambo unaonyesha kipande kimeshikwa. Ubaya wake ni mwingi kwetu. Mataruma, yale yanayolaliwa na reli, yakiwa ya chuma yanaunganisha reli mbili yenyewe, kwa hiyo hapo sakiti haifai. Kwenye mataruma ya zege, vihami (vizuia umeme) vya vifungio vya reli vikichakaa au kokoto zikijaa matope ya masika, umeme unavuja na unapata treni isiyokuwepo. Hatari zaidi ni kinyume chake: njia inayopitwa na treni chache inaota kutu juu ya reli, gurudumu halishiki vizuri, treni ipo na mtambo hauioni.

Njia ya pili ni kihesabu ekseli, yaani vyuma vinavyounganisha magurudumu mawili. Vihisi viwili vinafungwa ubavuni mwa reli, vinahesabu ekseli zinazoingia, na wenzake wa upande wa pili wanahesabu zinazotoka. Zilizoingia 120 zikitoka 120, kipande kiko wazi. Zikitoka 118, kimefungwa, labda behewa limekatika nyuma. Kutu, matope na mataruma ya chuma havikisumbui. Kwa reli yetu nachagua hiki.

Lakini kina udhaifu wake. Hakioni reli iliyokatika, hivyo ukaguzi wa njia kwa miguu na kiberenge usipunguzwe hata siku moja. Na umeme ukikatika, hesabu inapotea. Mtu akiirudisha sifuri wakati behewa limebaki ndani, mtambo utatangaza njia iko wazi juu ya behewa hilo.

Mzee wa Wenzo (Makambako)

Hapo ndipo ninapopaogopa. Na umeme wenyewe?

Fundi Umeme (Uyole)

Tuseme stesheni inatumia wati 150 saa zote. Kwa siku ni kilowati-saa 3.6, yaani amperi-saa 150 kwa mfumo wa volti 24. Siku tatu za mawingu mazito zinataka 450. Betri za risasi zisishushwe chini ya nusu, kwa hiyo nunua 900. Masika tukihesabu saa nne za jua la maana, paneli zisiwe chini ya wati 1,200. Radi: vizuia mshituko ncha zote mbili za kila kebo ya shaba, na muunganisho wa kupeleka radi ardhini upimwe, ukinzani usizidi omu 10. Upimwe kiangazi, maana masika ardhi yenye maji inakupa jibu la kukufurahisha.

Kijana wa Mafinga

Ishara za kisasa zingezuia ajali ya Igandu, Dodoma?

Mhandisi wa Njia (Iringa)

Hapana, kijana. Juni 24, 2002 treni ya abiria ilirudi nyuma mteremkoni ikagonga ya mizigo, watu 281 wakafa. Treni isiyoshikwa na breki haitii taa. Mteremko wa Makambako kwenda Mlimba unadai breki zilizopimwa kabla ya kuondoka.

Mzee, hofu yako ina msingi. Clapham Junction, London, Desemba 12, 1988, waya wa zamani ulioachwa bila kukatwa vizuri wakati wa kubadilisha ishara uligusa ulipotoka, ishara ikashindwa kuonyesha nyekundu, wakafa 35. Balasore, India, Juni 2, 2023, kasoro za kazi kwenye nyaya za ishara zilichangia vifo vya zaidi ya 290. Mikono ilikuwa ikitengenezwa kwa spana. Nyaya zinataka mtu wa pili asiyezifunga yeye azikague moja moja kwa mchoro.

Msimamo wangu: tubadilishe, stesheni moja moja, kuanzia kwenye miteremko na ukungu. Taa mpya zifunikwe mpaka siku ya kuhama, dereva asione ishara mbili. Siku hiyo njia ifungwe, kila pointi ijaribiwe pande zote na kila ishara ijaribiwe dhidi ya kila njia inayogongana nayo, kisha mkono ushushwe mlingotini saa ileile.

Mzee wa Wenzo (Makambako)

Nakubali kwa sharti moja liandikwe kwenye mkataba. Kitufe cha kurudisha hesabu sifuri kiwe na funguo mbili, moja kwa kila stesheni ya jirani, na kisifunguliwe mpaka mtu amepita kipande chote, au treni ya kwanza imepita kwa mwendo wa kuona na kusimama. Pamoja na michoro yote kwa Kiswahili, na kadi za akiba ziwekwe Mbeya, siyo Dar.

Mleta mada (Iyunga, Mbeya)

Hilo la kadi kuwekwa Mbeya sikuwa nimeliona. Dada Tunduma, nyaya zikifika mpakani upande wa Nakonde, Zambia, nani atashika ufunguo wa pili?