Mada: I-94 (rekodi ya kuingia Marekani) ya mama majina yamepinduka. San Juan Capistrano Jumamosi, twende au tusiende?

Binti wa Bagamoyo (San Diego):
Wapendwa, poleni na majukumu. Mama yangu amekuja kututembelea kwa B-2, viza ya matembezi. Uwanja wa ndege hakugongewa muhuri, akaambiwa kila kitu kiko mtandaoni. Haya. I-94 yake nimeihangaikia mpaka nikaipata, kumbe majina yamepinduka: la babu liko mbele, la kwake liko mwisho, na kwenye namba ya pasi wameandika herufi O badala ya sifuri. Nikampeleka kwenye ofisi niliyoelekezwa, na miadi ninayo mkononi. Dada wa dirishani akaitazama karatasi bila hata kuigusa, akasema hapa hawashughuliki na hizo, akanisukumia kijikaratasi chenye namba ya simu. Napiga, mashine inapokea. Mashine inanielekeza kwenye tovuti. Tovuti inanielekeza kwenye ofisi ileile!

Sasa Jumamosi nilipanga kumpeleka San Juan Capistrano, kwenye misheni ya zamani ya Wakatoliki, kaskazini mwa hapa. Mama ni WAWATA (umoja wa wanawake Wakatoliki Tanzania), amekulia jirani kabisa na misheni ya Bagamoyo, na tangu aone picha za lile kanisa la mawe lililoanguka hana wimbo mwingine. Shida ni kile kizuizi cha maofisa wa uhamiaji cha San Clemente, barabara ya 5. Wakisema leteni karatasi, nami natoa I-94 yenye jina lisilofanana na pasi, itakuwaje? Na nani amewahi kurekebishiwa I-94, alikwenda wapi hasa?

Mzee wa Oceanside:
Binti, kizuizi kile ni cha wanaoelekea kaskazini. Kurudi hamtakutana nacho. Siku nyingi utakuta kimefungwa na magari yanapita tu. Lakini mtu asikudanganye kwamba ni pambo. Kesi ya Martinez-Fuerte ya 1976 iliyofika Mahakama ya Juu ilianzia hapohapo San Clemente, na majaji wakaamua kwamba maofisa wanaweza kusimamisha gari na kuuliza maswali mafupi hata kama hawakushuku kwa lolote. Mama abebe pasi yenyewe yenye viza, siyo kivuli.

Mimi enzi naendesha lori la mboga nilisimamishwa pale alfajiri. Unatoka wapi? Oceanside. Kabla ya hapo? Vista. Kabla ya hapo? Nikaona huyu tutakesha. Nikamwambia: Tanga. Akacheka, akanipungia mkono nipite. Siku hizo walikuwa wanacheka.

Kaka wa Likoni:
Kwani lazima gari? Pandeni treni. Lakini hakikisha mama ako na REAL ID, kile kitambulisho kipya cha jimbo, siku hizi bila hiyo husafiri.

Dada wa Anaheim:
Kaka, tafadhali tusipotoshane. REAL ID inadaiwa kwenye ndege za ndani na majengo ya serikali kuu, tangu tarehe 7 Mei 2025. Treni haimo. Na mgeni wa B-2 hana haja nayo hata kwenye ndege, pasi yake inamtosha. Kila mwezi narudia maneno haya humu.

Lingine, kuna watu wameniandikia pembeni wakisema mama asiwe na wasiwasi kwa sababu viza yake ni ya miaka mingi. Siyo! Viza ni ya kukufikisha mlangoni. Muda wa kukaa unasomwa kwenye I-94, na ukitaka kuongeza unajaza fomu I-539 kabla tarehe haijapita. Ndiyo maana kosa la I-94 si la kupuuza. Yanayorekebisha ni madawati ya deferred inspection ya maofisa wa mpakani, siyo ofisi za I-130 na N-400 (maombi ya ndugu na ya uraia). Huko dirishani walisema kweli, ila wangeweza kuisema kwa adabu.

Kesi yangu mimi ni mbaya zaidi. Kadi ya kijani imeisha, I-90 (fomu ya kadi mpya) nimepeleka, barua ya I-797 inayoongeza muda imekwenda kwenye anuani ya zamani ingawa AR-11 (ya kubadili anuani) nilijaza mapema na uthibitisho ninao. Sasa ninatembea na kadi iliyokufa. Sheria inasema mwenye miaka 18 na zaidi abebe karatasi zake muda wote, lakini haisemi abebe nini pale ambapo karatasi yenyewe iko kwa mpangaji mwingine.

Kaka wa Likoni:
Pole dada. Lakini hasira ya posta usinimalizie mimi.

Mkongo wa El Cajon:
Hamjambo wote. Kwa treni nakubali. Tulikwenda na vijana wa kwaya. Mkienda, mama akae upande wa kushoto, baharini, maana kuna mahali reli inapita karibu na maji kiasi kwamba unaona watu wakikunja suruali. Ila mtazame ratiba asubuhi ileile: miaka hii udongo wa San Clemente umeporomoka mara nyingi na njia ikafungwa.

Ukishuka tu, ng'ambo ya reli ndiyo mtaa wa Los Rios. Msiuruke kwa haraka ya misheni. Nyumba ndogondogo za mbao, nyingine za matofali ya udongo yaliyokaushwa juani, na ile ya ukoo wa Rios ni ya 1794, bado iko mikononi mwa ukoo huohuo. Kuta nene. Niliweka mkono ukutani saa sita mchana, jua linachoma, ukuta wa baridi. Nikakumbuka nyumba ya babu yangu kule Fizi, ambayo sasa sijui nani analala ndani.

Mzee wa Oceanside:
Sawa, lakini treni nayo maofisa wanaweza kupanda. Karatasi ni karatasi.

Mwalimu wa Irvine:
Kwa kuwa mama anavutiwa na kanisa, aelezwe vizuri, maana vibao vya pale ni vifupi. Misheni ilijaribiwa mara ya kwanza mwisho wa Oktoba 1775. Siku chache baadaye Wakumeyaay, wenyeji wa kule, wakaishambulia misheni ya San Diego, na mapadri wa Capistrano wakazifukia kengele wakakimbilia huko kwenye ngome. Padri Junípero Serra akaja akaifungua upya tarehe 1 Novemba 1776, ya saba kati ya misheni 21 za California. Kanisa la mawe lilianza 1797 chini ya fundi Isidro Aguilar kutoka Culiacán. Alifariki 1803 kabla halijakamilika, likamalizwa 1806. Halikudumu. Tarehe 8 Desemba 1812, sikukuu ya Mkingiwa Dhambi ya Asili, watu wako kwenye misa ya asubuhi, tetemeko likapiga, mnara na mapaa ya kuba yakawaangukia. Walikufa 40, pamoja na vijana wawili waliokuwa wanapiga kengele. Halikujengwa tena. Unachokiona leo ni upande wa altare umesimama wazi, kuba moja iliyobaki juu, njiwa ndani.

Hao waliokufa ni Waacjachemen, wenyeji wa pale, na ndio waliobeba mawe hayo. Mtu akishabatizwa hakuruhusiwa kuondoka misheni. Akitoroka hufuatwa, akirudishwa huchapwa. Serra alitangazwa mtakatifu 2015, na wapo wazawa wa bonde lile ambao hawakushangilia hata kidogo. Halafu sikieni hii, ninyi mnaolilia fomu: mwaka 2011 serikali kuu iliwakatalia Waacjachemen utambuzi wa kuwa kabila, kwa hoja kwamba ushahidi wa karatasi hautoshi. Kwenye mji uliojengwa juu ya makaburi yao!

Binti wa Bagamoyo:
Mwalimu, shikamoo, na asante. Ila kwa mama sitalisema hilo la viboko. Kwake misheni ni Bagamoyo, mapadri waliokomboa watumwa.

Mwalimu wa Irvine:
Marahaba. Lakini mwambie tu, ni mtu mzima. Hata kile kijiji cha Bagamoyo, kuanzia 1868, waliokombolewa walipangiwa kazi, sala, hata ndoa. Nani aliwauliza?

Dada wa Anaheim:
Huwezi kulinganisha kumnunua mtu ili awe huru na kumfungia mtu kwenye ardhi yake. Mwalimu unazidisha.

Mkongo wa El Cajon:
Na sisi tuliozaliwa kwenye eneo la misheni tuseme nini? Shule ilikuwa yao, dawa zilikuwa zao, shamba la babu pia likawa lao. Yote matatu ni kweli.

Kaka wa Likoni:
Afadhali hizo misheni mnaingia. Mimi nyumbani Fort Jesus naenda na watoto wenye pasi za Marekani, mlangoni tunaanza kubishana nani mwenyeji, nani mgeni, kila mtu na bei yake. Baba mmoja, tumbo moja, bei mbili. Tumepigania uraia wa nchi mbili mpaka katiba ya 2010, na bado kwenye foleni mtoto wangu ni mzungu.

Binti wa Bagamoyo:
Ninyi Wakenya angalau mnao huo wa nchi mbili. Sisi tunaimbiwa hadhi maalumu.

Msimamizi:
Siasa za uraia zina uzi wake. Turudi kwenye mada.

Dada wa Anaheim:
Kwenye mada basi. Binti, kuingia misheni kuna kiingilio, lakini misa inasaliwa kwenye basilika lililo jirani, lililojengwa miaka ya 1980 kwa mfano wa lile lililoanguka, na misa hailipiwi. Na asitarajie mbayuwayu. Watu wanakuja kwa ile sifa ya tarehe 19 Machi, Mtakatifu Yosefu, ndege wanatoka Argentina. Walipokarabati magofu miaka ya 1990 viota vikaondolewa, ndege wengi wakahamia chini ya madaraja. Siku hizi wamewatengenezea viota bandia kuwabembeleza.

Mzee wa Oceanside:
Hao ndege nao wana I-94?

Binti wa Bagamoyo:
Jamani nimecheka, lakini sijajibiwa. Deferred inspection naenda mwenyewe, naandika baruapepe, au mama lazima awepo? Na akiulizwa kabla haijarekebishwa, aseme jina lipi kwanza?

Kaka wa Likoni:
Aseme yote matatu haraka haraka.

Mzee wa Oceanside:
Jina kupinduka halina neno. Wenye majina matatu wote imewakuta.

Dada wa Anaheim:
Mzee, "halina neno" si jibu la kisheria. Amuulize wakili.

Jirani wa Carlsbad:
Samahani nachelewa kuingia. Mkiamua gari, kuna nafasi mbili? Mimi na mke wangu hatujawahi kufika huko. Kadi yake imeisha lakini I-797 tunayo, ya mwaka jana. Chapati na maharage nitabeba mimi.