Eti nifute sifuri zangu! Huyu msimamizi wa takwimu leo amevuka mpaka

Wakuu, nimeshuka basi hapa Tanga sasa hivi, begi sijalifungua, naandika nimesimama maana nikikaa nitalia.

Kuna msimamizi mmoja wa uzamili wa takwimu tumizi. Simtaji. Mliopita mikononi mwake mnamjua kwa ile miwani inayoning'inia kwenye ncha ya pua. Unamtumia sura ya tatu leo, unaolewa, unazaa, mtoto anaota meno, ndipo jibu linakuja: "Imepokelewa."

Hayo nimeyavumilia. Leo kaniambia nifute sifuri.

Sifuri zangu! Miezi minne naamka saa 10 alfajiri, nakwenda Deep Sea, pale Tanga wavuvi wanapoteremsha samaki, kuhesabu samaki aina ya changu wa kila ngalawa inayorudi. Kaunta buku langu linanuka samaki mpaka leo. Kuna mzee mmoja wa madema, ile mitego ya samaki, alikuwa akifika anakamua maji kwenye shati, ananitazama: "Leo patupu, mwanangu. Andika." Naandika 0. Usiku mzima baharini, chambo chake, mgongo wake: 0. Siku za maji mafu zilifuatana hizo sifuri kama shanga.

Halafu mtu anashika kalamu nyekundu, anazizungushia ukurasa mzima mpaka karatasi inachanika, vijana wa mwaka wa kwanza wamekaa pale pale wanasikia: "Sifuri si data. Huu ni uvivu. Futa zote."

Uvivu wa nani? Wangu au wa yule mzee?

Jamani, safari 10: sita zimeleta changu 5 kila moja, nne hazikuleta kitu. Wastani ni changu 3. Futa sifuri, wastani unaruka kuwa 5. Samaki wamezaliana ofisini! Kesho mtu wa mipango anasoma, anasema bahari ya Tanga imejaa, ongezeni vyombo.

Nilimweleza kwa adabu zote kwamba modeli ya Poisson, ile ya data za kuhesabu, inataka wastani na variansi (yaani mtawanyiko wa hesabu) vilingane, na kwangu variansi imeuacha wastani mbali, kwa hiyo niende na binomia hasi, modeli inayokubali mtawanyiko mkubwa, au zile modeli za sifuri nyingi. Hakuinua uso. "Futa." Kalamu nyekundu. Karatasi krrr.

Sifuti.

Bin Jarife: Ni yeye! Mimi aliniambia nitoe wanawake kwenye sampuli kwa sababu "wanaharibu grafu". Nilikataa, nikakaa mwaka mzima bila saini.

Kahawa Chungu: Dada, futa upate cheti uje mtaani tuhangaike wote. Kwani huyo mzee wa madema ataisoma tasnifu yako?

Mleta uzi: Ataisoma. Nimemuahidi nitampelekea na nitamsomea ukurasa wa sifuri zake.

Mtu wa Ngamiani: Uzi mrefu hivi kwa ajili ya sifuri? Mimi ninazo kwenye akaunti tangu Januari na sijapiga kelele.

Mleta uzi: Ungezungushiwa wino mwekundu mbele ya watoto ungepiga.

Msambaa Mpole: Mnajua Poisson alikuwa Mfaransa, hesabu zake hizo zilitoka mwaka 1837, na jina lake kwa Kifaransa maana yake samaki? Kwa hiyo dada kahesabu samaki kwa samaki.

Kahawa Chungu: Samaki gani tena? Changu mmoja siku hizi bei ya kuku. Juzi nimeuziwa tasi wa barafu naambiwa wa asubuhi, jicho jeupe kama chaki!

Mtu wa Ngamiani: Ulinunua wapi? Isije ikawa kwa yule wa kona, anayewamwagia maji kila akiona mteja.

Kahawa Chungu: Kwa huyo huyo!

Mama Mwani: Bora nyie. Sisi wa mwani tunalima, tunaanika, mnunuzi anakuja na mizani yake. Nikipima nyumbani kilo 40, kwake 33. Huyo ndiye mfutaji, si profesa wenu.

Bin Jarife: Mwenye pikipiki nyekundu?

Mama Mwani: Ndiye.

Mleta uzi: Jamani, tulikuwa kwenye sifuri.

Mtu wa Ngamiani: Mama, fungua uzi wako tuje huko.

Mama Mwani: Sifungui, nasemea hapa hapa. Juzi kaja mvua inanyesha, kaanza kusema mwani wangu una mchanga...