Kusimulia vitabu, kusoma matangazo au kuigiza sauti za katuni: mwanagenzi aanzie wapi?

Mwanagenzi:
Wenzangu, nafikiria kuufanya uigizaji wa sauti uwe kazi yangu, na naona njia tatu: vitabu vya kusikiliza, matangazo, na katuni au filamu. Kwa mtu asiye na studio wala jina, ipi inafaa kuanza nayo?

Msimulizi:
Ndugu Mwanagenzi, mimi ni mtu wa vitabu, kwa hiyo nisikilize ukijua ninakoegemea. Kitabu hakidai sauti tamu kama kinavyodai pumzi na subira. Saa 1 ya kitabu kilichokamilika hubeba takriban maneno 9,000, na ili kuipata, msomaji aliyezoea hukaa mbele ya maikrofoni kwa saa 2 hivi, kabla kazi ya kuhariri haijaanza. Mhusika uliyempa sauti ya kukwaruza katika sura ya 1 atakudai sauti hiyo hiyo katika sura ya 30, hata ukiwa na mafua. Ndiyo maana mimi huhifadhi kipande kifupi cha kila mhusika na kukisikiliza kabla ya kurekodi. Faida yake ni kwamba unaweza kufanyia kazi nyumbani, ila usidhani hupimwi: jukwaa la ACX, la Amazon la kutengenezea vitabu vya kusikiliza, hutaka kelele za chumba zisizidi desibeli -60. Kabati lililojaa nguo lilinitosha kuwa studio. Kilichonitia aibu ni kiti kilichokuwa kikilia kila nikivuta pumzi.

Sekunde Thelathini:
Matangazo ni mafupi, lakini si mepesi. Maandishi ya sekunde 30 huwa na maneno 75 hivi, na mteja anaweza kukurudisha kwenye neno moja hadi ulichukie. Isitoshe, sehemu kubwa ya kazi ni usaili usiolipwa, ambao mara nyingi hujibiwa kwa kimya. Ukiichagua njia hii, andaa sampuli ya sauti yako ya sekunde 60 hadi 90, na kipande chako bora kiwe cha kwanza, kwa kuwa wasikilizaji wengi hawafiki mwisho.

Mdomo wa Katuni:
Naomba tutenganishe mambo mawili. Katika katuni mpya, kwa kawaida sauti hurekodiwa kwanza na wachoraji huifuata. Katika kutia sauti ya lugha nyingine, wewe ndiwe unayefuata midomo iliyokwisha kuchorwa, na sentensi nzuri inaweza kukataliwa kwa sababu tu imezidi kidogo. Zote mbili ni uigizaji kamili, kwa hiyo asiyewahi kuigiza jukwaani apate mafunzo kwanza. Mayowe, kwa wanaofanya michezo ya kompyuta, hurekodiwa mwishoni mwa kipindi, maana yakitangulia koo halifai tena siku hiyo.

Mwanagenzi:
Nashukuru. Nitaanza na kitabu kifupi, huku nikitafuta kikundi cha maigizo. Ndugu Msimulizi, kiti ulikibadilisha?

Msimulizi:
Hapana, nasoma nimesimama, nimevaa fulana ya pamba isiyochakarika.