Kikundi cha Familia ya Kibosho: suala la Eliya

Mama Eliya: Shikamooni wakubwa. Nimetoka kikao cha wazazi, nimeishiwa nguvu. Mwalimu anasema Eliya ni mzito, hachangii darasani. Eliya huyu huyu! Juzi sokoni Mbuyuni mteja kachukua mikungu mitatu ya ndizi, kila mmoja 8,500, katoa elfu thelathini. Sijafungua hata mkoba, mtoto kasema, "Mrudishie elfu nne mia tano." Wala hakuinua kichwa, alikuwa anakaza waya wa gari lake la makopo.

Mjomba Felisi: Marahaba mama. Nimeshika chaki miaka 31. Darasa la watoto themanini, anayeonekana ni anayenyoosha mkono na mwenye daftari safi. Eliya kalelewa na bibi, Kichaga ndicho kilichomkaa kichwani. Simlaumu mwalimu, ila jicho lake peke yake halitoshi.

Baba Neema: Si tusubiri mtihani wa kumaliza msingi? Akifaulu vizuri sana atapangiwa Ilboru, Kibaha au Mzumbe. Ni baadhi ya shule za vipaji maalumu.

Mjomba Felisi: Mtihani ule unapima alichofundishwa. Mtoto aliyekalishwa nyuma tangu darasa la kwanza ataufikiaje?

Dada Upendo (Florida): Shikamoo mjomba. Huku kwetu Broward zamani mtoto hakupimwa mpaka mwalimu au mzazi ampendekeze. Mwaka 2005 wakaanza kuwapima watoto wote wa darasa la pili. Kipimo chenyewe ni michoro: umbo lina pengo, mtoto anachagua kipande cha kuliziba. Hakuna hadithi ya kusoma, kwa hiyo asiyejua Kiingereza hakwami. Anayepata alama za juu anapelekwa kwa mwanasaikolojia, anapimwa peke yake. Watoto weusi, Walatino na wa familia maskini walioingia madarasa ya vipaji wakaongezeka sana. Walikuwepo siku zote, mama Eliya, hakuna aliyewatazama. Bajeti ilipobanwa kipimo kikasimamishwa, idadi yao ikashuka tena.

Baba Neema: Duh. Hapo nimeelewa.

Bibi (naandika mimi Tumaini): Bibi anasema huyo mtoto ana miaka minne alikuwa anajua mbuzi yupi hajanywa maji, bila kuambiwa. Mwalimu aje aulize kwake.

Mama Eliya: Sasa nifanyeje? Mwakani ana upimaji wa darasa la nne.

Mjomba Felisi: Jumatatu tunakwenda wote. Hatuendi kugombana. Tutamwomba mwalimu ampe hesabu za darasa la nne kwa mdomo, pembeni, wenzake wakiwa mapumziko. Kama ni mzito tutaona, kama siyo naye ataona. Beba daftari lake na lile gari.

Mama Eliya: Asante mjomba. Gari nimeshalifunga kwenye kitambaa. Anauliza kama mwalimu atalirudisha.